Nyumba Isiyokaangwa Kitunguu

Katika nyumba ile kitunguu hakikuwahi kukaangwa. Kilichemshwa tu, tena siku za mapumziko, mlango wa uani ukiwa wazi na mwenye nyumba akiwa ametoka. Sabuni ya kufulia ilikuwa ya mche, isiyotiwa manukato, na ya kuogea ilikuwa hiyo hiyo. Marashi, mafuta ya nywele yenye harufu, hata mishumaa, vyote vilipigwa marufuku. Mke wa mwonja chai alipoolewa aliingia na kichupa cha marashi alichopewa na shangazi yake, na kabla ya jua kuchwa kichupa kilikuwa kimekwisha hamia kwa jirani. Hakuona uchungu. Alikuwa bado binti mbichi, na aliona fahari kuolewa na mtu ambaye pua yake ilikuwa na thamani namna hiyo.

Pua yenyewe, kwa kuitazama, haikuwa na ajabu lolote: pana kidogo, na alama ya miwani juu yake. Lakini kiwandani ilijulikana kuliko mwenyewe. Kiwanda kilikuwa jengo la mabati nyuma ya soko, na kazi yake ilikuwa kuchanganya chai za viungo na za mimea na kuzifunga katika paketi. Wafanyakazi walimwita Mzee Pua, mbele yake na kisogoni, naye hakukasirika. Angeinama juu ya gunia la mchaichai mkavu akakueleza kwamba ulikatwa ukiwa na umande. Angeonja funda moja la chai ya tangawizi na maganda ya chungwa, akalitema, akasema, "Haya maganda yamekaushwa juani. Nani kawaambia juani? Utamu wote umeliwa na jua, sisi tumebakiziwa uchungu."

Mkewe alijifunza mengi kwake, maana mtu yule hakuwa na mazungumzo mengine. Alijua kwamba mizizi na magome, kama tangawizi na mdalasini, huchemshwa, tena kwa moto wa taratibu. Alijua kwamba maua hayachemshwi kamwe: maji yakishatokota huachwa yatulie kidogo, ndipo yamiminwe juu ya maua, na kikombe kifunikwe palepale. "Ule mvuke ndiyo chai yenyewe, mama," mumewe alizoea kusema. "Ukiuacha uende zake, utakunywa maji ya rangi." Alijua pia kwamba nanaa hupewa kopo lake na rafu yake, mbali na wenziwe, kwa kuwa nanaa ni mgeni asiyejua kukomea sebuleni. Na alijua tabia ya maua ya kamomili, yale madogo yenye kitovu cha manjano, ambayo hayana ubavu wa kukataa kitu. Harufu yoyote ipitayo karibu nayo huyaingia na kukaa.

Chai ya kamomili na ganda la limau ndiyo iliyomjengea Mzee Pua jina. Wengine kiwandani walichanganya kwa mwiko mkubwa wa mbao. Yeye chai ile aliichanganya kwa mikono, mikono ya koti imeshushwa hadi viganjani, akiyainua maua na kuyaachia yaanguke kama mtu anayeogesha mtoto. Mwiko, alisema, huyavunja. Koti lake jeupe halikufuliwa kiwandani pamoja na ya wenzake. Lilifuliwa nyumbani, na mkewe, kwa sabuni ya mche; likaanikwa chumbani ili lisidakwe na moshi wa majirani; likapigwa pasi, na kutundikwa nyuma ya mlango wa chumba cha kulala. Kwa mama yule kulitunza koti lile kulikuwa ndiyo sehemu yake katika kazi ya mumewe, na aliifanya bila dosari hadi magoti yalipoanza kumsumbua.

Yalianza kama utani. Akiinuka kitini yanalia kama mlango mbovu, naye anacheka. Kisha kicheko kikaisha. Ikafika mahali akawa anashuka ngazi ya uani kwa kushika ukuta, na akiinama kufua anauma meno ili sauti isimtoke. Mumewe hakuona. Asubuhi alimwacha ameketi, jioni alimkuta ameketi, na kati ya hapo palikuwa na chai.

Aliyeona ni wifi yake, dada wa mwonja chai, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya barabara, aliyekuja mara kwa mara kumtania.

"Wifi, hii nyumba hata mende wameihama," alisema siku ile, akinusa hewa. "Hainuki chakula, hainuki watu. Mnaishi au mmehifadhiwa?"

"Tunaishi, wifi. Kaa kwanza."

"Nitakaa. Lakini wewe mbona umekuja kunifungulia mlango kama mtu aliyefungwa kamba miguuni?"

Hakuweza kumdanganya. Wifi alisikiliza, akasonya, akafungua mkoba, akatoa chupa ya dawa ya kuchua. Ilikuwa ya kafuri na mafuta ya mkaratusi, kali kiasi kwamba kizibo kilipofunguka tu macho yakalengalenga.

"Hii? Humu ndani?" mke wa mwonja chai alishtuka kana kwamba ameonyeshwa nyoka. "Kaka yako ataniua."

"Kaka yangu anayo pua, na wewe una magoti. Pua haijamzuia kutembea. Chua akiondoka, oga kabla hajarudi. Ukiona haya, mwambie ni mimi nimekunyunyizia kwa uchawi wangu."

Akachua. Mara ya kwanza aliona kama ameshushwa mzigo kichwani. Alitembea hadi dukani na kurudi bila kushika ukuta. Tangu siku hiyo ikawa desturi yake ya siri. Mumewe akishatoka, mama huingia chumbani, hufunga mlango, hufunga na dirisha ili harufu isivujie sebuleni anakoonjea mzee sampuli zake, kisha huketi kitandani na kujichua mpaka ngozi iwake. Halafu huoga, husugua mikono kwa limau, na hufungua dirisha. Wiki ya kwanza alikaa roho mkononi kila jioni, akiusoma uso wa mumewe. Siku moja mzee alikunja paji la uso mlangoni, akauliza, "Jirani anapaka rangi?" Akajibiwa kwamba labda. Siku iliyofuata hakuuliza tena, wala ya pili yake. Mama akashusha pumzi. Alijiambia kwamba limau linafanya kazi yake, na akazidisha dawa.

Jambo moja tu lilimpita. Koti la akiba lilikuwa likikaukia mle mle chumbani, kwenye kamba iliyopita juu ya kitanda.

*

Shehena ya kamomili ilirudishwa. Mzee Pua alileta habari hiyo mezani akiwa na uso uliosawijika, na wali mbele yake akauacha upoe.

"Wenye hoteli wamerudisha magunia yote ya paketi," alisema. "Wanasema chai yetu inanuka kifua cha mgonjwa. Ndiyo maneno waliyoandika, mama: kifua cha mgonjwa."

"Na inanuka kweli?"

"Mimi niliionja kabla haijatoka. Ilikuwa safi. Nimeionja tena leo, safi. Lakini meneja kanusa, akageuza uso. Wafungaji paketi wakanusa, wote wakasema kafuri." Alikisukuma kijiko kando. "Basi imetiwa baada yangu. Tumetafuta, tumempata."

Mkono wa mkewe uliokuwa umeshika jagi ulisimama hewani.

"Mmempata nani?"

"Mama Pacha, yule anayefunga paketi dirishani. Watoto wake walikuwa na mafua, akawachua vifua kwa dawa ya kafuri. Kakiri mwenyewe. Anasema ilikuwa zamani na kwamba alinawa, lakini watu wote husema walinawa. Meneja amempa hadi mwisho wa juma. Nami nimeunga mkono. Mtu asiyeheshimu maua hafai kukaa karibu nayo."

"Ana watoto wawili wadogo, baba."

"Ninajua. Unafikiri imenipendeza?" Akaongeza kwa sauti ya chini, "Hata hivyo kuna kitu sikielewi. Wote wanaisikia hiyo kafuri. Mimi siisikii. Nimejiambia ni uchovu."

Mama alimimina maji yakafurika bilauri na kutambaa mezani. Alielewa palepale, kama mtu aliyewashiwa taa chumbani mwake mwenyewe akaona uchafu aliokuwa akilala nao. Alilitazama koti lililokuwa begani mwa kiti. Alichukua kitambaa akafuta meza, akaifuta tena mahali palipokwisha kauka.

Siku zile zilizofuata hakuigusa chupa. Alililoweka koti mara kwa mara na kulianika nje juani, majirani watake wasitake, naye akitembea kwa kujikongoja. Alijitetea moyoni kwa kila namna. Labda ni kweli mafua ya watoto. Labda meneja atalegeza kamba. Tena akisema, nini kitatokea? Si kosa la koti peke yake. Mzee alikuwa amelala kando ya kafuri ile kwa muda mrefu hata pua yake ikaizoea, ikaiacha ipite bila kuihoji kama mlinzi anavyompitisha mtu wa nyumbani. Mwonja chai asiyeisikia kafuri inayosikiwa na kila mfungaji paketi, nani atamwamini kwa kikombe kingine? Kumwokoa Mama Pacha kulikuwa ni kumvua mumewe jina lake, na jina lile ndilo walilolinunua wote wawili kwa miaka yote ya kutokaanga kitunguu.

Mama Pacha alikuja mwenyewe, alasiri, mzee akiwa bado kazini. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyevaa kandambili zilizokatika na kuungwa kwa uzi. Alisimama mlangoni akisokota ncha ya kanga yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita ndani."

"Sikai sana. Nimekuja kukuomba uniombee kwa mzee. Meneja anamsikiliza yeye. Mimi sikutia kitu kwenye chai ile, mama. Naapa. Wanangu walipona kabla maua hayajafika hata stoo. Ningekuwa na la kukiri ningekiri, nikubali yaishe, lakini nitakiri nini?"

"Kaa, nikuwekee chai," alisema mama.

Mgeni akaketi. Kiti alichopewa kilikuwa karibu na mlango wa chumba cha kulala, nao ulikuwa umeegeshwa tu. Mama akiwa jikoni akisubiri maji yatulie, alisikia kimya kisicho cha kawaida. Aliporudi na kikombe, Mama Pacha alikuwa ameinua kichwa, mianzi ya pua imemtanuka, akiutazama mlango. Kupitia mwanya wake lilionekana koti jeupe la akiba, limetundikwa.

"Mama," alisema taratibu, "humu ndani kuna mtu anachua?"

Mama alikitua kikombe mezani. Walitazamana.

"Ni magoti," alisema mama.

"Pole." Mama Pacha alilisema neno hilo kwa dhati, na hilo ndilo lililomchoma zaidi mwenyeji wake. Kisha akainuka, chai haijaguswa. "Mimi sitasema, mama. Nikisema mimi, wataniona nimekuja kumsingizia mzee wa watu nyumbani kwake ili niokoe ngozi yangu. Nani ataniamini?" Alifika mlangoni, akageuka. "Ila ni harufu hii hii. Nimeifunga kwenye paketi kwa mikono yangu."

Akaenda. Mama alibaki ameketi akikitazama kile kikombe hadi kikaacha kutoa mvuke.

*

Jioni ile alipakua chakula, akasubiri mumewe anawe na kuketi. Kisha akaleta chupa ya dawa ya kuchua, akaiweka kati ya bakuli la maharage na jagi la maji, akaing'oa kizibo.

Mzee Pua aliendelea kusimulia habari za shehena mpya ya rosela, yale maua mekundu. Alisema rangi yake ni nzuri lakini ladha ni kali, itahitaji mdalasini wa kuipoza. Alichota maharage. Alitafuna. Machozi yalikuwa yakimtoka mkewe, ya dawa na ya nafsi yake, na bado mzee alikuwa akisema rosela, rosela. Mama aliisogeza chupa karibu. Akaisogeza tena, mpaka ikagusa ukingo wa sahani ya mumewe.

"Hii nini?" aliuliza mzee, akiitazama kwa mara ya kwanza.

"Inanuka nini, baba?"

"Ina kitu ndani yake?"

"Inuse."

Aliiinua, akainusa kwa namna yake ya kazini, akivuta hewa kidogo kidogo, macho ameyafumba. Uso wake haukubadilika. Alinusa tena. Kisha akaisoma karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa chupa, neno kwa neno, kama mtu anayesoma barua ya msiba, akaiweka chini kwa uangalifu mkubwa.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya magunia yale. Nilikuwa najichua goti chumbani ukiondoka. Nilifunga madirisha ili isikufikie. Ikaingia kwenye koti, na wewe ukaingiza koti kwenye maua. Mama Pacha hana kosa."

Mzee hakupaza sauti; heri angepaza. Aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na koti, akaliweka usoni na kuvuta pumzi kifua chote. Akaligeuza ndani nje, akavuta tena, kwapani, mikononi, kwenye ukosi. Mkewe alitamani kugeuza uso asimwone.

"Ungeniambia," alisema mzee.

"Ningekuambia, ungeniambia nini?"

Alikuwa na jibu, wote wawili walilijua. Angesema dawa ipelekwe kwa jirani. Aliketi, koti limemlalia mapajani, na hakuna aliyekula tena.

Asubuhi alitoka na shati tupu. Koti alilikunja, akalifunga katika gazeti, akalichukua kwapani. Aliaga kwa kuinua mkono tu. Mama alifagia uwanja ambao haukuwa na taka, akachambua mchele aliokwisha kuuchambua. Kila mlango wa jirani uliposukumwa alidhani ni wake.

Mzee alirudi mapema, jua bado la asubuhi, bila koti.

"Mama Pacha yupo kazini," alisema, kabla ya kuulizwa. "Nimesema mbele yao wote, na yeye akiwapo. Nimemwomba radhi. Kanijibu 'Haya, mzee,' basi. Nilitegemea anitukane."

"Na wewe?"

"Nipumzike, wamesema, mpaka pua irudi. Meneja amemwita mwonjaji wa kiwanda kingine. Kijana. Alipoingia alikuwa anatafuna chingamu ya bazoka." "Wameniaga vizuri. Wamesema itarudi."

"Itarudi?"

"Labda ni kafuri tu. Labda na mengine yaliondoka zamani, nami nilikuwa naonja kwa mazoea. Sijui, mama. Sina wa kumuuliza. Wa kuulizwa nilikuwa mimi."

Alikwenda jikoni, kwa kuwa mikono ilitaka kazi. Mkewe alimsikia akiteleka maji, akiyaacha yatulie, akimimina. Alitoka na vikombe viwili vya kamomili, vimefunikwa kwa visahani, akaviweka mezani viive. Kisha akasimama mbele ya mkewe akiwa ameinamisha kichwa.

"Goti lenyewe," aliuliza, "ni la upande gani?"

Hapo ndipo mama alipotaka kulia kwa sauti, kuliko siku zote zile. Miaka mingi kitanda kimoja, na swali lenyewe ndilo hilo.

"Yote mawili," alisema. "La kulia ndilo baya zaidi."

Mzee aliichukua chupa. Katika maisha yake ya kazi mikono ile haikuwahi kugusa kitu cha namna ile. Hata sabuni ya wageni aliikwepa. Alikiangalia kiganja chake kwa muda, kama mtu anayekiaga, kisha akakimiminia dawa. Akapiga goti sakafuni kwa shida, na magoti yake yakalia pia.

"Inanuka sana?"

"Sana, baba."

"Mimi sisikii kitu."

Alianza kuchua. Alichua vibaya, kwa nguvu ya mtu anayesugua sufuria, na mama akamwambia ataondoka na mfupa. Akapunguza. Dirisha lilikuwa wazi, na nje jirani alikuwa akikaanga kitunguu. Mama alikisikia vizuri, akashindwa kujua kama mwenzake anakisikia, na hakuthubutu kumuuliza.

Ile chai ilikaa chini ya visahani kupita muda wake wote. Walipoikumbuka ilikuwa imegeuka chungu na baridi. Mzee Pua, ambaye kwa kosa dogo kuliko hilo angemwaga birika zima, aliinua kikombe chake akakinywa hadi chini, akakigeuza kuona kama kimekwisha, na hakusema ilikuwa na ladha gani.